Kori mbili au kori nne: mwongozo kamili wa kuchagua prosesa ya kompyuta ya gemu bila kupigwa

Kosa ni lilelile kila siku. Mtu ananunua kompyuta yenye stika ya i5, anaibeba hadi Nkuhungu au Ng'hong'hona, anaweka GTA V, na baada ya dakika mbili picha inaganda huku sauti ikiendelea. Ikija kuachia, gari limeshagonga nguzo. Anarudi dukani, anaambiwa aongeze RAM. Anaongeza. Inaganda vilevile.

Hapo kuna mawili. Ama ile i5, yaani aina ya prosesa (ubongo wa kompyuta) ya kampuni ya Intel, ina kori mbili tu, maana zipo i5 za namna hiyo, na si chache. Ama ina kori nne kweli, ila kinacholemewa ni kadi ya grafiki. Ukiyatenganisha mawili haya kabla ya kutoa hela, umeshamaliza sehemu ngumu ya kazi.

Mwongozo huu unahusu bidhaa zinazopatikana Dodoma kwa mwenye bajeti ya kawaida: kompyuta za mezani zilizotoka maofisini, Dell OptiPlex, HP na Lenovo ThinkCentre, nyingi zikipandishwa kutoka Kariakoo. Mwenye uwezo wa kununua mpya kabisa asome hatua ya 1 na ya 5, zinamtosha.

## Vitu vya kuwa navyo

Kwa kwenda kuchagua dukani:

- Flashi ya GB 64 yenye CPU-Z (ya kusoma prosesa), GPU-Z (ya kusoma kadi ya grafiki) na HWMonitor (ya kupima joto). Zote ni programu za bure. Chukua zile zisizohitaji kusakinishwa, kwa sababu wenye maduka wengi hawapendi uweke programu kwenye mashine yao.
- Gemu moja unayoijua vizuri, iwe kwenye flashi hiyohiyo.
- Simu yenye bando, ya kutafutia namba ya prosesa papo hapo.
- Nusu saa. Muuzaji asiyekupa nusu saa ya kujaribu mashine iliyotumika, mwache na mashine yake.

Kwa kubadilisha prosesa (hatua ya 6 na ya 7):

- Bisibisi ya nyota na bisibisi bapa.
- Pesti ya prosesa, inayopitisha joto kwenda kwenye kipoza. Bomba la gramu 1 au 2 linatosha na kubaki.
- Spiriti ya kusafishia, asilimia 90 au zaidi, na kitambaa kisichoacha manyoya.
- Brashi laini na bloa.
- Betri ya CR2032. Ukishafungua mashine ya mwaka 2013, ibadilishe hapohapo, kwa kuwa ya zamani mara nyingi imeshakufa na saa ya kompyuta inarudi nyuma kila umeme ukikatika.

## Maneno matatu kabla ya kuanza

Kori ni sehemu ya prosesa inayofanya kazi yenyewe. Ichukulie kama mpishi. Prosesa ya kori mbili ina wapishi wawili, ya kori nne ina wanne.

Uzi ni jiko. Prosesa nyingine humpa kila mpishi majiko mawili: maji yakichemka huku, yeye anakatakata kitunguu kule. Anaokoa muda, lakini hajageuka kuwa wapishi wawili. Kwa hiyo prosesa ya kori mbili na nyuzi nne inaipita ya kori mbili na nyuzi mbili, ila haiifikii ya kori nne za kweli ya kizazi kilekile.

Mwendo, unaopimwa kwa gigahezi, ni kasi ya mkono wa mpishi. Lakini gigahezi 3 za prosesa ya 2008 si sawa na gigahezi 3 za 2015, kwa sababu ile mpya hufanya kazi nyingi zaidi katika kila pigo. Usilinganishe gigahezi za vizazi tofauti.

## Hatua ya 1: Andika gemu tatu unazocheza kweli

Tatu tu, unazocheza sasa au utakazocheza mwaka huu. Orodha ya gemu ishirini unazotamani itakupeleka kwenye mashine usiyoweza kuilipia, na mwisho ununue ya hovyo kwa hasira.

Kisha ziweke kwenye makundi haya.

Gemu za kori moja yenye kasi. GTA San Andreas, Counter-Strike 1.6, PES 2013, na gemu za PSP zinazochezwa kwa PPSSPP, programu inayoigiza PSP kwenye kompyuta. Kazi karibu yote humwangukia mpishi mmoja, wengine wanamtazama. Hapa kori mbili zenye mwendo mzuri zinatosha kabisa, na Core i3-3220 ya gigahezi 3.3 itaishinda Core 2 Quad Q6600 ya gigahezi 2.4, ijapokuwa ile ya pili ina kori mara mbili. Euro Truck Simulator 2 nayo hutegemea sana kori moja, lakini inataka na kadi ya grafiki inayoeleweka.

Gemu zinazodai nyuzi nne. Counter-Strike 2 inataja wazi nyuzi nne kama kiwango cha chini, kuanzia Core i5-750. GTA V ya toleo la zamani (Legacy) inataja Core 2 Quad Q6600 kama cha chini na Core i5-3470 kama kinachopendekezwa. Fortnite inakubali Core i3-3225, ambayo ni kori mbili na nyuzi nne. Kuna gemu za kundi hili zisizowaka kabisa kwenye nyuzi mbili: Far Cry 4 ilipotoka mwaka 2014, wenye prosesa za nyuzi mbili walipata skrini nyeusi tu.

Gemu ambazo kori nne ni mlango tu. FIFA 23 na FC 24 zinaanzia Core i5-6600K. Cyberpunk 2077, baada ya masharti yake kupandishwa mwaka 2023, inaanzia Core i7-6700, yaani kori nne na nyuzi nane. Ukiwa na gemu za namna hii, swali la mbili au nne limeshapita. Tafuta kori sita, kama Core i5-8400.

Onyo: kiwango cha chini maana yake gemu itawaka na utaweza kuicheza kwa picha za chini. Asitokee mtu akakuaminisha kwamba itateleza.

Umefanikiwa ukiwa na majina matatu kwenye karatasi, na mbele ya kila moja kuna jina la prosesa ya chini na ya kupendekezwa.

## Hatua ya 2: Soma namba yote, pamoja na herufi ya mwisho

Hapa ndipo wengi wanapopigwa, kwa hiyo tukae kidogo.

Stika inasema i5. Stika haina habari unayoitaka. Unachotaka ni namba kamili, mfano i5-3470, na hasa herufi inayofuata baada ya namba. Tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi: i5-3470 ni ya kizazi cha tatu.

Kwenye kompyuta za mezani zisizo na herufi ya mwisho, kuanzia kizazi cha pili hadi cha saba, kanuni ni rahisi:

- Celeron na Pentium: kori mbili, na nyuzi mbili. Pentium chache za kizazi cha saba, kama G4560, ndizo zenye nyuzi nne.
- i3: kori mbili, nyuzi nne. Mfano i3-3220, i3-4130, i3-6100.
- i5: kori nne, nyuzi nne. Mfano i5-2400, i5-3470, i5-4570, i5-6500.
- i7: kori nne, nyuzi nane. Mfano i7-2600, i7-3770, i7-4770.

Kuanzia kizazi cha nane mambo yalibadilika: i3-8100 ina kori nne, i5-8400 ina sita.

Sasa mitego yenyewe.

Herufi T. Hizi zimetengenezwa zile umeme kidogo, na hukaa kwenye vikompyuta vidogo vya ukubwa wa kitabu vinavyofungwa nyuma ya skrini. i5-3470 ina kori nne. i5-3470T ina kori mbili. i5-4570 ina nne, i5-4570T ina mbili. Herufi moja tu imeondoa nusu ya wapishi, na bei ya dukani haionyeshi. Si kila T iko hivyo: i5-4590T ina kori nne, ila mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 2.0 tu. Ukiona T, chukua simu utafute namba hiyo kabla ya kusema neno lingine.

Herufi U na M kwenye laptopu. i5-4300U, i5-6200U, hata i7-7500U, zote ni kori mbili na nyuzi nne. i7-3520M ni kori mbili pia, wakati i7-3630QM ni kori nne. Kwa U, kori nne zilianza kuwa kawaida na kizazi cha nane, mfano i5-8250U. Mwanafunzi wa UDOM anayetaka laptopu moja ya masomo na gemu aanzie hapo.

Kori nne za kinyonge. Celeron J1900, Celeron N4120 na Atom x5-Z8350 zina kori nne kweli, na muuzaji hasemi uongo akisema "quad core". Lakini N4120 imeundwa kutumia wati 6 tu, na mwendo wake wa kawaida ni gigahezi 1.1. Wapishi ni wanne, wote wanakata vitunguu kwa kijiko. Kwa gemu, i3-4130 ya kori mbili inaziacha mbali.

Prosesa za kampuni ya AMD. FX-4300 huuzwa kama kori nne, lakini kori hizo zimepangwa mbilimbili, na kila jozi inagawana baadhi ya vifaa vya ndani. Usiichukue kwa bei ya i5. Ryzen 3 2200G na 3200G ni kori nne kamili, tena zina grafiki ya ndani inayoishinda ya Intel za wakati huo kwa mbali. Ukiikuta kwa bei nzuri, usiendelee kutembea. Athlon 3000G ni kori mbili na nyuzi nne.

Umefanikiwa ukiwa na namba kamili ya prosesa, na unajua kori na nyuzi zake kabla mashine haijawashwa.

## Hatua ya 3: Hesabu mwenyewe kwenye skrini

Mashine iwashwe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, Task Manager itafunguka. Ikifunguka dirisha dogo, bonyeza More details, kisha Performance, kisha CPU. Juu kulia utaona jina kamili la prosesa. Chini utaona mstari wa Cores, hizo ni kori, na Logical processors, hizo ni nyuzi.

Bofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya grafu, chagua Change graph to, halafu Logical processors. Grafu moja inagawanyika, kila uzi unapata kisanduku chake. Iache hivyo, utaihitaji katika hatua inayofuata.

Fungua na CPU-Z kwenye flashi ili kuhakikisha. Zikikubaliana, endelea.

Zisipolingana na namba ya prosesa, usimshike muuzaji shati bado. Kuna sababu mbili zisizo na ubaya. Moja, ndani ya BIOS (mipangilio ya msingi inayofunguka kabla ya Windows) kuna sehemu ya kuzima kori. Kwenye Dell inaitwa Multi Core Support, irudishe kwenye All. Ya pili ni ule ujanja wa video za mitandaoni: fungua msconfig, nenda Boot, Advanced options, weka alama kwenye Number of processors "ili kompyuta iwe na kasi". Ujanja huo hauongezi kitu, kwa sababu Windows hutumia kori zote bila kuambiwa. Mtu akiweka namba 2 pale, amezima nusu ya prosesa aliyoinunua. Ondoa alama, washa upya.

## Hatua ya 4: Itwishe mzigo na utazame

Weka gemu. Cheza dakika kumi, usiishie dakika mbili. Prosesa ikipata joto inaweza kujipunguza mwendo, na hilo halionekani mapema. Pita sehemu yenye msongamano: katikati ya mji kwenye GTA V, kona yenye wachezaji wote kwenye mpira. Kisha bonyeza Alt na Tab urudi kwenye zile grafu; ya kadi ya grafiki imeandikwa GPU.

Nyuzi zote zimegota juu, visanduku vimejaa rangi kama ukuta, na kadi ya grafiki iko asilimia 50 au 60: prosesa ndiyo inayokwamisha. Huu ndio ugonjwa ambao kori nne zinautibu.

Kadi ya grafiki iko 97 hadi 99, prosesa inapumua: kori nne hazitakusaidia chochote. Hela yako iende kwenye kadi.

Uzi mmoja umegota, mingine imelala: gemu hiyo ni ya kundi la kwanza. Unachohitaji ni prosesa ya kizazi kipya zaidi, si kori zaidi.

RAM imejaa na diski iko 100: ongeza RAM, weka SSD (diski ya kasi). Hapa ndipo muuzaji wa RAM anapokuwa sahihi.

Kwenye mashine za zamani zenye grafiki ya ndani, Task Manager huenda isionyeshe matumizi ya grafiki kabisa. Fanya hivi: shusha ukubwa wa picha ndani ya gemu, kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720 au chini ya hapo. Gemu ikipata kasi, grafiki ndiyo iliyokuwa imelemewa. Isipobadilika hata kidogo, ni prosesa.

Usidanganywe na wastani wa fremu, yaani picha mojamoja zinazounda mwendo kwenye skrini. Fremu 60 kwa sekunde maana yake kila fremu inapata milisekunde 16.7 kuandaliwa. Kori mbili zinaweza kukuonyesha wastani wa 50, namba tamu kabisa, lakini katikati fremu moja ikachukua milisekunde 200 kwa sababu Windows imeamua kukagua virusi na wapishi wote wawili walikuwa kwenye gemu. Jicho linaiona hiyo fremu moja. Kwa hiyo tazama ulaini wakati wa kugeuza kamera haraka, kisha ndiyo utazame namba.

Umefanikiwa ukiweza kusema kwa sentensi moja kinachokwamisha ni nini.

## Hatua ya 5: Amua

Nyuzi mbili, usinunue kwa ajili ya gemu hata kama unaongezewa kipanya na kibodi. Kigezo pekee cha kuikubali ni kama madabodi yake (bodi kuu inayobeba prosesa) inapokea i5 na bei yake ni ya kutupa.

Kori mbili zenye nyuzi nne zinakufaa ikiwa gemu zako zote tatu ni za kundi la kwanza, au una Fortnite tu na uko tayari kucheza kwa picha za chini. Hela inayobaki iweke kwenye SSD na kadi ya grafiki. i3-6100 yenye kadi nzuri inaishinda i5-3470 isiyo na kadi, kwa gemu karibu zote.

Kori nne chukua kama hata gemu moja kati ya tatu iko kundi la pili, au kama huwa unarekodi, unaongea kwa Discord na kuacha kivinjari wazi huku ukicheza. Kazi hizo za pembeni ndizo zinazowamaliza wapishi wawili.

Kuhusu bei, uliza mambo matatu kwenye duka moja: mashine hiyohiyo ikiwa na i3, ikiwa na i5, na prosesa ya i5 peke yake. Kama tofauti ya mashine mbili inazidi bei ya prosesa peke yake pamoja na ufundi, nunua ya i3 ubadilishe mwenyewe. Kama haizidi, chukua i5 uende nyumbani.

Suala la LUKU huwa linaulizwa. i3-3220 imepangiwa wati 55, i5-3470 wati 77. Tofauti ya wati 22, ukicheza saa tatu kila siku na prosesa ikiwa imejaa muda wote, ni uniti mbili hivi kwa mwezi. Isikuzuie.

## Hatua ya 6: Kabla ya kununua prosesa peke yake, jua soketi

Soketi ni kiti cha prosesa kwenye madabodi, na prosesa haiingii popote. Hii ni ramani ya mashine zinazopatikana zaidi:

- OptiPlex 790 na 990: soketi LGA1155, baki na kizazi cha pili. Mfano i5-2400, na mwisho wake ni i7-2600.
- OptiPlex 7010, HP Compaq 6300 na 8300: LGA1155, kizazi cha pili na cha tatu. i5-3470 na i7-3770 zinaingia.
- OptiPlex 3020, 7020, 9020 na HP EliteDesk 800 G1: LGA1150, kizazi cha nne. i5-4570, i5-4590, i7-4770.
- Kizazi cha sita na cha saba: LGA1151. Mfano i5-6500.

Onyo la kwanza: LGA1151 ya kizazi cha nane ina umbo lilelile na inaingia kwenye soketi ya kizazi cha sita bila kulazimisha, lakini haiwaki. Usinunue i3-8100 kwa ajili ya madabodi ya i5-6500.

Onyo la pili: mashine za kizazi cha nne za mwanzo huenda zikahitaji BIOS mpya ndiyo zitambue i5-4590. Sasisha BIOS kabla ya kubadilisha prosesa, ukiwa na UPS au betri. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, madabodi inaweza kufa palepale.

Onyo la tatu: pawa saplai. Makasha membamba ya OptiPlex 7010 yana wati 240. Ukiweka i5 humo, kadi ya grafiki iwe fupi na ndogo, mfano GT 1030 ya wati 30, na uepuke ile ya GT 1030 yenye kumbukumbu ya DDR4, ni dhaifu mno. Kasha la mnara linabeba GTX 750 Ti ya wati 60. Kabla ya kulipia kadi yoyote iliyotumika, fungua GPU-Z: kadi iliyobadilishwa jina huandikwa FAKE mbele ya jina lake.

Prosesa ikiagizwa Kariakoo kuja kwa basi hadi stendi ya Nanenane, omba picha ya maandishi ya juu ya kifuniko na picha ya upande wa chini. Ije ndani ya kikasha chake cha plastiki, si kwenye bahasha na karatasi ya chooni.

## Hatua ya 7: Badilisha

1. Washa mashine dakika tano. Pesti ya zamani hukauka ikawa kama chaki, na joto huilainisha.
2. Zima, chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki utoke.
3. Gusa chuma tupu cha kasha, na urudie kila mara. Kiangazi cha Dodoma ni kikavu, na hewa kavu hukusanya umeme tuli mwilini, hasa ukiwa umevaa sweta au umekaa kwenye zulia.
4. Legeza skurubu za kipoza joto kwa kukingamisha: hii kidogo, ya pembe ya pili kidogo. Kwenye HP nyingi ni T15 (skurubu ya nyota ya pembe sita), bisibisi bapa inaingia. Kizungushe kipoza kidogo kushoto na kulia ndipo ukinyanyue.
5. Bonyeza mkono wa soketi chini, uvute pembeni, uuachie. Inua fremu. Nyanyua prosesa kwa kushika kingo.
6. Sasa simama utazame soketi kwa mwanga wa simu, ukiinamisha mwanga kutoka ubavuni. Kwenye Intel hizi, pini ziko kwenye soketi, na ni nyembamba kuliko sindano. Zote zinatakiwa ziakisi mwanga upande mmoja, kama shamba la mtama lililolazwa na upepo. Inayong'aa tofauti imepinda. Usiiguse kwa kidole, wala usipitishe kitambaa.
7. Linganisha alama ya pembetatu ya prosesa na ya soketi, na vijikato viwili vya pembeni. Iweke wima bila kuiburuta, iache ikae yenyewe. Isipokaa, si soketi yake au umeigeuza. Hakuna nguvu inayotumika hapa.
8. Funga mkono. Utakuwa mgumu na utalia kidogo, hiyo ni kawaida.
9. Futa pesti ya zamani kwenye kipoza kwa spiriti hadi chuma kiwe safi. Weka pesti mpya katikati ya prosesa, ukubwa wa choroko moja. Usiipake kama siagi kwenye mkate, mgandamizo utaisambaza.
10. Rudisha kipoza, kaza kwa kukingamisha, chomeka waya wa feni.

Kwenye Ryzen za soketi AM4 kuna tofauti moja kubwa: pini ziko kwenye prosesa yenyewe, na ukivuta kipoza kwa nguvu prosesa inatoka nacho. Pasha moto, zungusha, ndipo uinue.

## Hatua ya 8: Washa, pima, safisha

Mara ya kwanza mashine inaweza kuchelewa au kujizima na kujiwasha. Ipe dakika mbili. Isipoleta picha, kagua kwa mpangilio huu: waya mdogo wa pini nne unaolisha prosesa, RAM iliyolegea, kisha pini za soketi. Ikilalamika kuhusu feni, waya wa feni haujaingia.

Rudia hatua ya 3 na ya 4. Ukiwa kwenye gemu, HWMonitor ionyeshe nyuzi joto 60 hadi 80 za Selsiasi. Ikifika 90 na kuendelea, kipoza hakijakaa sawa au kimejaa vumbi. Na vumbi letu si la kuchezea: kati ya Juni na Novemba, mashine iliyo sakafuni karibu na mlango hujaa kwa miezi miwili. Ipandishe mezani, ipulize kwa bloa nje ya nyumba, na ushikilie feni kwa kidole isizunguke wakati unapuliza.

Umefanikiwa ukiona sehemu ileile iliyokuwa ikiganda sasa inapita, nyuzi zinacheza kati ya asilimia 60 na 90, na kadi ya grafiki ndiyo iliyopanda karibu na 99.

Ile i3 uliyoitoa iweke kwenye kikasha cha plastiki, andika namba yake juu. Siku mashine ikigoma kuwaka, utairudisha kwenye soketi dakika kumi na kujua kama kilichokufa ni prosesa au madabodi, bila kumlipa fundi.